Bendera Haiko Sawasawa

Watu wanaonijua leo husema uzee umenipoza. Si kweli. Hasira zangu ni zilezile nilizokuwa nazo nikiwa msichana wa miaka ishirini, ila sasa magoti yananikataza kusimama upesi. Nilikuwa mwalimu wa kike wa kwanza kutoka mtaa wetu wa Waislamu hapa Kisangani, siku ambazo mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la mzungu. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, katika shule kubwa zenye vioo madirishani. Lakini mtu akiniuliza nilifundisha wapi, mdomo wangu hutaja kwanza lile darasa la tatu, na sitaki yeyote anipunguzie hata kidogo yaliyotokea pale.

Darasa lenyewe nililipata kwa bahati, sitaficha. Uhuru ulipoingia, walimu wa kizungu walipanda ndege wakaenda zao, mmoja wao akiacha hadi miwani mezani. Mkuu wa shule, Mkongomani mwenzetu aliyekuwa naibu mpaka juzi yake, akabaki na vyumba vilivyojaa watoto na watu wachache mno wa kusimama mbele yao. Mimi nilikuwa katika chumba cha nyuma nikiwafundisha wasichana wakubwa kupinda nguo na kutia vifungo. Akanijia pale, jasho linamtoka.

“Mademoiselle, calcul, mahesabu, unajua?”

“Ninajua.”

“Na français?”

“Kupita calcul.”

“Bon. Kesho unakamata troisième, darasa la tatu.”

Tonton zangu wawili, ndugu za papa, waliposikia, walikuja nyumbani wamevaa kanzu za Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Walisema msichana wa kwetu hawezi kusimama mbele ya watoto wa watu akipiga kelele kutwa, na nani atamwoa baadaye. Papa alikuwa fundi wa kushona, mtu wa maneno machache. Aliwaacha wanywe chai hadi wakamaliza, akavua miwani, akaniuliza mbele yao: “Mama, kesho utavaa robe gani?” Nikamwambia sina gauni la kufaa. Akakata kitambaa palepale, tonton zangu wakiwa bado wameshika vikombe. Nilimpenda papa siku zote, lakini siku ile nilimpenda zaidi.

Basi nikaingia darasani. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Chaki tulikuwa tunaikata vipande vidogo hadi vidole vinagusa ubao. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja, cha Kifaransa, na kurasa zake nyingine zimechanwa. Nilifuata kurasa zilizobaki kwa mpangilio wake, na ndivyo tulivyofika kwenye ukurasa wenye picha ya kipepeo na kanisa la Ulaya, kila picha imepigwa mstari katikati. Juu yake pameandikwa: axe de symétrie.

Maana niliielewa. Neno ndilo lililonitesa. Ningelikariri kwa Kifaransa, na watoto wangelikariri kwa Kifaransa, na kengele ingelia tukatoka bila mtu kujua amejifunza nini. Siku hizi naona vitabu kutoka mashariki vinasema ulinganifu, neno zuri, lakini kwetu wakati ule hakuna aliyelijua. Nikarudi nyumbani nimenuna. Papa alikuwa anakata kanzu. Alikunja kitambaa katikati, akapitisha chaki upande mmoja tu, akakata, akakifungua. Mabega mawili yakatokea, na mikono miwili, na hakuna upande ulioudhulumu mwenzake.

“Papa, hii munaita namna gani?”

“Nini?”

“Hii, pande mbili kuwa moja.”

Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji yanaitwaje. “Iko sawasawa,” akasema, akaendelea na kazi.

Nikalichukua neno lile kama lilivyo. Umbo ambalo ukilikunja pande zake mbili zinakutana, tutasema liko sawasawa. Na ule mstari, tutauita mstari wa kukunjia. Nilijiona mwerevu sana. Sikufikiria kwamba katika Kiswahili chetu sawasawa ni neno linalofanya kazi nyingi. Vitu viwili vinavyofanana viko sawasawa. Jibu la kweli liko sawasawa. Mtu mzima wa afya yuko sawasawa. Na kitu kibovu, kilichopinda, cha kutupwa, hicho hakiko sawasawa.

Somo lenyewe lilikuwa tamu. Mkuu wa shule alinipa rundo la barua kuukuu zilizoachwa na ofisi za wazungu, zimepigwa chapa upande mmoja. Nilimwomba papa pini zake, akazitoa shingo upande, akazihesabu. Kila mtoto akakunja karatasi, akatoboa matundu kwa pini kwa mchoro wowote autakao, akafungua na kuiinua kwenye mwanga wa mlango. Matundu ya kushoto yakawa na wenzao kulia. Mlisikia wapi darasa la tatu likinyamaza lenyewe bila kupigiwa fimbo mezani? Langu lilinyamaza.

Tulikunja kila kitu. Tulijifunza kwamba kitambaa cha kichwa, kwa kuwa ni mraba, kinakubali kukunjwa kona kwa kona. Pagne, ile ya kujifunga kiunoni iliyo ndefu kuliko upana wake, haikubali. Mvulana mmoja alibisha, akasema ukikata pagne kona kwa kona unapata vipande viwili vya ukubwa mmoja, kwa hiyo iko sawasawa. Wasichana wakamcheka, kwa sababu wao ndio hukunja pagne za mama zao kila siku na wanajua masikio mawili yatakayobaki nje. Nikamwambia akunje mwenyewe. Alikunja, akageuza, akakunja tena, akaenda kuketi.

Na alikuwepo msichana mmoja, binti wa mvuvi wa kwenye maporomoko, kule wanakotega vikapu vyao vikubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji. Alikuja shuleni ananuka moshi wa samaki, kibao chake cha kuandikia kimepasuka kona. Hakuwa hodari wa kusoma. Lakini macho! Siku nilipoinua jani la mangongo, lile pana tunalofungia samaki wa liboke, wa kuokwa ndani ya majani, na kusema hili nalo liko sawasawa kwa sababu lina mshipa katikati, aliinua kidole.

“Hapana, mwalimu. Ile ya mangongo, upande moja inapita ingine. Sababu ya ile tunaanza kufunga na upande mukubwa.”

Nikalikunja. Upande mmoja ulizidi kwa upana wa kidole. Maisha yangu yote nilikuwa nimekula liboke na sikuwahi kuliona hilo. Darasa likacheka, nami nikacheka kidogo, cheko la kujilazimisha. Sipendi kusahihishwa. Sijawahi kupenda.

Sasa nije kwenye bendera. Siyo hii ya leo wala zile zilizofuata baadaye. Nazungumzia ile ya kwanza ya uhuru: rangi ya buluu, nyota kubwa ya manjano katikati, na nyota ndogo sita zimepangwa kutoka juu kwenda chini upande wa mlingoti. Iliyokuwa uwanjani kwetu aliishona papa, na kila asubuhi nilipoiona ikipanda nilinyoosha shingo. Nikataka kumalizia somo kwa kitu cha fahari. Nikawatoa watoto nje, nikasema, “Tazameni. Tukikunja bendera yetu juu kwa chini, nyota tatu ndogo zinakutana na tatu, na ile kubwa inajikunja katikati. Kwa hiyo ina mstari mmoja, umelala.”

Kidole kikapanda. Nilijua ni cha nani kabla sijageuka.

“Hapana, mwalimu. Nyota iko na kichwa moja juu, na miguu mbili chini. Ukikunja vile, kichwa inaingia kati ya miguu.”

Nikamwambia aketi. Tulikuwa nje, hapakuwa na pa kuketi, lakini nilimwambia aketi, naye akaketi mchangani. Ndivyo nilivyokuwa.

Wakati wa mapumziko nilifunga mlango nikachora bendera kwenye karatasi, nikatoboa kila ncha kwa pini. Nikaikunja juu kwa chini. Kichwa cha nyota kikaingia katikati ya miguu, kama alivyosema. Nikaikunja kushoto kwa kulia. Nyota kubwa ikakutana vizuri, lakini zile ndogo sita hazikupata wenzao upande wa pili. Nikaikunja kona kwa kona kwa ukaidi tu. Bendera haikuwa na mstari hata mmoja. Niliona aibu, halafu chini ya aibu nikaona kitu kingine ambacho mpaka leo naweza kukihisi kifuani. Mtoto huyu nilikuwa nimemfundisha mimi. Siku chache zilizopita hakujua kwamba karatasi inakunjwa kwa sababu, na sasa anaona kitu ambacho mwalimu wake hakioni, na kila asubuhi mji mzima unakipigia saluti bila kukiona.

Asubuhi iliyofuata nikamwita mbele, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba alisema kweli. Ningeishia hapo, pangetulia. Lakini mimi nikifurahi sijui kupima. Nikawaambia waitikie, kama tulivyozoea kuitikia kila somo lililoiva, bendera tukiiita drapeau kama kila mtu mjini.

“Kitambaa ya kichwa?”

“Iko sawasawa!”

“Mangongo?”

“Haiko sawasawa!”

“Na drapeau?”

“Haiko sawasawa!”

Waliupenda wimbo huo kupita kiasi. Kengele ilipolia walitoka nao. Walipita nao sokoni, mbele ya kizuizi cha askari, mbele ya ofisi ya kamati ya mtaa, watoto kwa makumi, mmoja anauliza kwa sauti ya juu na wengine wanajibu kwa nguvu zao zote: “Na drapeau? Haiko sawasawa!”

Ni lazima niseme mji ulikuwaje siku zile. Mji wetu ulikuwa na serikali yake, mji mkuu ulikuwa na yake, na kila moja iliita nyingine waasi. Kiongozi tuliyempenda alikuwa ameuawa mbali nasi, hata kaburi hatukuonyeshwa. Chumvi ilikuwa shida. Watu walikuwa na uchungu usio na mahali pa kwenda, na bendera ile ndiyo iliyobaki ya kushika. Neno dogo tu lilitosha kukupeleka kwenye ofisi ya kamati, na si wote walioingia pale walitoka wakitembea vizuri.

Papa alikuja na habari kutoka sokoni kabla sijavua viatu. Hakuwa amekasirika kwa ajili ya taifa. Alikasirika kama fundi.

“Mama, nilishona mubaya wapi?”

“Hapana, papa, si kushona.”

“Batu yote ya soko banasema mutoto yangu anafundisha drapeau haiko sawasawa. Ile drapeau nilipima mara tatu!”

Nikachukua karatasi nikamwonyesha, na nikamwambia ni nani aliyeliona kwanza. Akakunja mwenyewe, polepole, kwa vidole vyake vya fundi. Juu kwa chini. Kushoto kwa kulia. Halafu akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika, na nilipomwuliza anacheka nini akasema tu, “Mutoto ya samaki!” akaenda kusali.

Mkuu wa shule hakucheka. Aliniita ofisini, akafunga mlango na dirisha pia, ingawa joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Alisema rais wa kamati atakuja Jumamosi asubuhi wakati wa kupandisha bendera. Wazazi wameitwa. Mimi nitasimama mbele ya watu wote na kusema maneno mawili: nilikosea, na drapeau iko sawasawa. Nikisema hayo, yamekwisha. Nisiposema, nikabidhi chaki siku hiyohiyo, kwa sababu mwalimu mwingine, mwanamume, amekwisha kupatikana.

“Na ile mutoto ya kwanza kusema,” akaongeza, “utasema ni yeye aliharibu maneno yako. Batoto banasikiaka mubaya. Kila mutu atafahamu.”

“Lakini hakuharibu, monsieur le directeur. Alisema kweli.”

“Mademoiselle, unataka darasa ao unataka kweli?”

Nilitaka vyote viwili, na nilimwambia hivyo, naye akafungua mlango kuonyesha kwamba mazungumzo yameisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba nyumbani, na woga wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu kwa sababu alikuwa na vingi vya kupoteza.

Kesho yake kiti cha binti wa mvuvi kilikuwa kitupu. Wenzake wakaniambia babake amemzuia. Amesema hakumpeleka mtoto shule ili amletee askari mlangoni, na kwamba atakuja Jumamosi kusikia kwa masikio yake. Mwalimu akisema mtoto alidanganya, basi atamrudisha kwenye samaki, huko hakuna nyota. Nilisikia hayo nikiwa nimeshika chaki, na nilijikuta nimeivunja.

Niliogopa, nawaambia kweli. Niliogopa kamati. Zaidi niliogopa kurudi kwenye vifungo katika chumba cha nyuma, na tonton zangu wakija tena na kanzu zao za Ijumaa kusema tulikwambia. Kwa siku mbili nilijifunza yale maneno mawili kichwani, na kila nilipofika kwenye kumtaja mtoto nilisahau yanayofuata. Nilimwuliza papa nifanye nini. Akasema nifanye nitakalo, ila nisiseme alishona vibaya.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wazazi upande mmoja, watoto kwa mistari, mkuu wa shule amevaa tai. Rais wa kamati alikuja na vijana wawili wenye fimbo. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti zito lisilofaa kwa jua letu, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyotegemea. Papa alisimama nyuma na futi yake shingoni, hakuikumbuka kuivua. Na pembeni kabisa, karibu na lango, nikamwona mvuvi, mtu mpana wa mabega, amemshika binti yake mkono juu ya kiganja kama unavyomshika mtu asitoroke.

Bendera ilipanda. Tuliimba. Mkuu wa shule akanipa ishara kwa kidevu.

Nikasimama mbele, nikasema kwa sauti ambayo hata sokoni walisikia: “Nilikosea.”

Mkuu wa shule alishusha pumzi, nilimwona. Rais wa kamati akaitikia kwa kichwa. Yalibaki maneno mengine tu, nayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini nikamtazama yule msichana pale langoni. Alikuwa anatazama chini, na kidole chake cha mguu kilikuwa kinachora kitu mchangani. Hasira ikanipanda, ile yangu, nami sikuizuia.

“Nilikosea,” nikasema tena. “Niliwaambia watoto kwamba bendera yetu ina mstari wa kukunjia. Haina. Mimi mwalimu nilitazama bendera kila siku na sikuiona. Mtoto mmoja aliiona. Niliposikia, nikamketisha mchangani. Hilo ndilo kosa langu, na sina lingine.”

Kijana mmoja mwenye fimbo akasogea. Rais wa kamati akamzuia kwa mkono.

“Mutoto gani?”

Nikamwita. Babake hakumwachia mara moja. Halafu akamwachia, naye akapita katikati ya watu wote wale, mdogo, mweusi wa moshi, hana viatu. Nikampa karatasi yangu yenye bendera iliyochorwa.

“Unasema drapeau ya inchi yetu iko mubaya?” rais akamwuliza.

“Hapana, papa. Iko muzuri.”

“Sasa juu ya nini unasema haiko sawasawa?”

“Sababu haikutane.” Akakunja karatasi mbele ya macho yake. “Ona. Nyota iko nasimama. Iko na kichwa, iko na miguu. Kitu yenye kusimama, ukikunja juu na chini, haikutane. Hata weye, papa. Mukono na mukono yako inakutana. Kichwa na miguu hapana.”

Mtu mmoja kati ya wazazi akacheka, akakohoa ili kuficha. Rais wa kamati akachukua karatasi. Akaikunja. Akaifungua, akaikunja upande mwingine, akaiinua juani, na nikaona mwanga wa matundu ya pini ukimwangukia usoni. Alichukua muda mrefu. Nilianza kuelewa kwamba hakuwa anatafuta kosa tena, alikuwa anatafuta mstari, kama mtoto wangu yeyote.

“Nani alishona ile kule?” akauliza bila kuinua macho.

“Miye,” papa akasema kutoka nyuma.

“Iko namna mutoto anasema?”

Papa akaja mbele. Sijawahi kumsikia papa akisema mbele ya watu wengi, wala sikumsikia tena baadaye. Alisema nyota peke yake, ile kubwa, aliikata kwa kukunja kitambaa kutoka katikati, mkasi ukapita mara moja, na kwa hiyo nyota yenyewe ina mikunjo mitano, kila kichwa na wake, ahesabu mtu anayetaka. Lakini ukiiweka pamoja na zile ndogo sita juu ya kile kitambaa, hakuna mkunjo unaokubali. “Ni vile banatuma tushone,” akasema. “Na nilishona muzuri.”

“Hakuna mutu anakataa, papa,” rais akasema kwa heshima.

Akampa msichana karatasi yake. Akatutazama wote, akajikuna shingo ndani ya lile koti. Nadhani alikuwa amekuja na hotuba, na sasa haikuwa na mahali pa kuingia.

“Bon,” akasema. “Mademoiselle, utaendelea. Lakini batoto baache ile neno. Hapa inje, mutu anasikia sawasawa, anafikiri mambo ingine. Baseme drapeau haikutane. Haikutane, ile si matusi.”

Hivyo ndivyo neno langu lilivyopigwa marufuku na kamati ya mtaa, na ndivyo nilivyobaki na darasa langu. Mkuu wa shule akapiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote. Vijana wenye fimbo walikuwa wameinamia kipande cha karatasi walichookota na wanabishana.

Nilidhani yameisha. Watu walianza kutawanyika, watoto wakaanza kuingia darasani. Ndipo mvuvi akaja kusimama mbele yangu. Kwa karibu alikuwa mrefu zaidi, na mikono yake ilikuwa na alama za kamba.

“Mwalimu,” akasema, “miye sikusoma. Nambie tena, na usiongeze français. Nani alikosea? Weye ao mutoto yangu?”

“Mimi.”

“Na yeye?”

“Yeye alisema kweli. Mimi sikujua, akanifundisha.”

Mvuvi akageuka, akamfuata rais wa kamati aliyekuwa anaelekea langoni, akamgusa bega. “Papa président, umesikia? Mwalimu mwenyewe anasema.” Akamwendea mkuu wa shule. “Umesikia?” Akamwendea papa wangu, akamshika mikono yote miwili, akamwuliza hivyohivyo. Akawaendea wanawake waliokuwa wamejitwika mabeseni tayari kuondoka, akawasimamisha mmoja mmoja, na hata wale vijana wawili wa fimbo hawakupona. “Mulisikia? Mwalimu anasema ni mutoto yangu anamufundisha.”

Binti yake alikuwa anamvuta shati kwa nyuma, amekufa kwa aibu.

“Papa, inatosha,” akasema. “Papa, benzangu banaingia.”

Akaliachia shati, akapita mbele yangu mbio, akaingia darasani.